Fulana za bingwa aliyeshindwa

NI saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, mwezi Februari. Mjini Kyela waliomacho ni walinzi wa maghala, madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka wa Kasumulu, na wavuvi wa usipa walioko ziwani na taa zao. Mpunga bado uko mashambani. Hakuna baa hata moja iliyofungua luninga.

Muda huo huo, upande wa mashariki wa Marekani ni saa kumi na mbili na nusu jioni ya Jumapili, na nchi nzima imesimama. Unaanza mchezo mmoja tu, fainali ya futiboli ya Kimarekani, unaoitwa Super Bowl. Mwaka 2025, Philadelphia Eagles ilipoichapa Kansas City Chiefs kwa pointi 40 kwa 22 mjini New Orleans, watazamaji nchini humo walihesabiwa kuwa wastani wa milioni 127.7. Hiyo ni karibu mara mbili ya Watanzania wote waliohesabiwa katika Sensa ya 2022.

Mkulima wa Ipinda au mchuuzi wa Kyela mjini anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, mchezo huo unamhusu nini. Unamhusu kwa njia mbili, nguo na mazao. Lakini kwanza mchezo wenyewe.

Ni rahisi kuueleza kuliko kuutazama. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani na mpira una umbo la yai. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikifanikiwa inapewa nafasi nne nyingine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Anayefika na mpira mwisho wa uwanja anaipatia timu yake pointi sita, na anayeupiga kwa mguu ukapita katikati ya nguzo anapata tatu. Muda ni dakika 60, lakini saa husimamishwa mara kwa mara kiasi kwamba mchezo unakula zaidi ya saa tatu.

Na hapo katikati, saa inaposimama, ndipo pesa inapoingia.

Fainali ya kwanza ilichezwa Los Angeles tarehe 15 Januari 1967, Green Bay Packers wakaifunga Kansas City Chiefs pointi 35 kwa 10. Uwanja haukujaa. Vituo viwili vya televisheni viliurusha mchezo huo, na tangazo la nusu dakika liliuzwa dola 37,500 katika kimoja na dola 42,500 katika kingine. Mwaka 2025 baadhi ya makampuni yalilipa dola milioni nane kwa sekunde zile zile 30. Ukigawanya, ni zaidi ya dola 266,000 kwa kila sekunde, muda ambao muuza ndizi pale stendi hajamaliza hata kutaja bei.

Hakuna mchezo wa marudiano. Mashabiki wa Simba na Yanga wamezoea kwamba aliyefungwa leo atalipiza mzunguko wa pili, lakini huku timu 32 zinaanza Septemba na mwisho wa yote ni jioni moja. Ndiyo maana kila anayeuza kitu anakimbilia jioni hiyo.

<b>Mjukuu wa Jaji Mkuu</b>

Afrika Mashariki nayo imewahi kuwa na mtu wake pale. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, mtoto wa familia ya Kiganda. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, aliongoza chama cha Democratic Party na akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda Machi 1962, kabla ya kushindwa na upande wa Milton Obote katika uchaguzi wa Aprili mwaka huo huo. Baadaye Idi Amin alimteua kuwa Jaji Mkuu, na Septemba 1972 watu wa utawala huo wakamkamata mahakamani mchana kweupe. Hakurudi nyumbani, aliuawa.

Mjukuu alikuwa mkubwa wa mwili na mwepisi wa miguu. Mwaka 2006 timu ya New York Giants ilimchagua katika mzunguko wa kwanza wa uteuzi wa wachezaji wapya, wa 32 kwa mpangilio. Kazi yake ilikuwa kumfuata na kumwangusha mrushaji wa mpira wa timu pinzani.

Novemba 2007 alivunjika mguu. Februari iliyofuata wenzake waliingia fainali bila yeye, wakikabiliana na New England Patriots ambao walikuwa wameshinda michezo 18 bila kupoteza hata mmoja. Karibu kila mtu aliona mambo yamekwisha. Giants wakashinda 17 kwa 14.

Miaka minne baadaye, tarehe 5 Februari 2012, timu hizo hizo zilikutana tena. Safari hii Kiwanuka alikuwa mzima, na fainali ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa na kusoma sekondari. Giants walishinda 21 kwa 17. Kila mchezaji wa upande ulioshinda alipata dola 88,000 kwa mchezo huo mmoja, na wa upande ulioshindwa dola 44,000. Kushindwa kwa dola 44,000 si msiba, mtu angesema. Lakini waliokuwa na hasara ya kweli usiku ule hawakuwa wachezaji. Walikuwa wenye fulana.

<b>Kuchapa kabla ya matokeo</b>

Mara kipenga cha mwisho kinapolia, wachezaji walioshinda huvaa fulana na kofia mpya zilizoandikwa kwamba wao ndio mabingwa. Kamera zinawamulika, na mashabiki walioko nyumbani wanazitaka zile zile wanazoziona. Uchu huo una maisha mafupi. Shabiki anayenunua usiku ule hajali bei, wa wiki ijayo anaijali, na wa mwezi ujao hanunui kabisa.

Kwa hiyo mwenye kiwanda hawezi kungoja matokeo. Anachapa fulana za pande zote mbili kabla mchezo haujaanza, akijua kwa hakika kwamba lundo moja litakuwa halina thamani nchini humo ifikapo usiku. Hii ni hasara aliyoipangia bajeti. Faida ya lundo moja lazima ilipe gharama ya malundo mawili, vinginevyo biashara haipo.

Mwaka 2008 kulikuwa na fulana zilizoandikwa 19-0, kuashiria kwamba Patriots wamemaliza msimu bila kufungwa. Giants ya Kiwanuka ndiyo iliyozigeuza kuwa uongo.

Lundo la upande ulioshindwa haliruhusiwi kuuzwa Marekani. Ligi haitaki lionekane dukani wala kwenye televisheni, kwa sababu linawaumiza mashabiki na kuchanganya soko. Zamani nguo hizo ziliharibiwa. Kuanzia miaka ya 1990 zikawa zinakabidhiwa kwa shirika la misaada la World Vision, kwa sharti kwamba zigawiwe nje ya nchi. Mwaka 2007 Chicago Bears walipofungwa na Indianapolis Colts, 29 kwa 17, fulana zao za ubingwa zilipelekwa kwenye ghala karibu na jiji la Pittsburgh ili zifungwe kwa safari ya ng'ambo. Zile za 19-0 za mwaka uliofuata ziliishia Nicaragua.

Mwaka 2011 zamu ilikuwa ya Pittsburgh Steelers, waliofungwa na Green Bay Packers pointi 31 kwa 25. Nchi zilizotajwa kupokea nguo zao ni Zambia, Armenia, Nicaragua na Romania. Zambia, kwa mtu wa Kyela, ni jirani wa kupitia Tunduma.

Mwaka huo ubishi ukazuka. Wakosoaji waliuliza ni kwa nini mtu asafirishe fulana kuvuka bahari kwenda nchi ambazo fulana zinauzwa kila kona, na ni nani anamlipa mchuuzi anayekosa wateja kwa sababu jirani zake wamegawiwa bure. Shirika lilijitetea kwamba nguo ni mpya, na zinakwenda kwa jamii ambazo tayari linafanya kazi nazo. Pande zote mbili zilikuwa na la kusema. Ila swali la mchuuzi lilibaki pale pale, maana hakuna anayeweza kushindana na bei ya bure. Tangu mwaka 2015 kazi hiyo ilihamia kwa shirika jingine la Marekani, Good360.

<b>Belo halionyeshi tumbo</b>

Fulana hizo za msaada zisichanganywe na mitumba. Jezi na fulana za timu za Marekani zinazoonekana kwenye magulio ya Kyela nyingi ni nguo zilizovaliwa na mashabiki, zikatolewa sadaka au kutupwa, zikauzwa kwa uzito, zikachambuliwa na kufungwa kwenye belo. Hapo ndipo mchezo wa usiku mmoja unapofika Bondeni, miaka kadhaa baadaye, bila mtu kujua umefika.

Anayenunua belo anacheza kamari inayofanana sana na ya yule mchapa fulana. Ananunua kitu ambacho hajakiona. Karatasi ya nje inasema ni fulana za wanaume au masweta, lakini haisemi ngapi zina mashimo, ngapi zimepauka, wala ngapi ni za mtu mwenye mabega ya mlango. Belo likishafunguliwa halirudishwi. Vipande vichache vya juu kabisa ndivyo vinavyorudisha mtaji, vya katikati vinaleta faida, na vya mwisho vinamwagwa chini kwa bei ya kuchagua.

Jezi za futiboli ya Kimarekani zina tatizo lake. Wachezaji huvaa kinga nene mabegani, na jezi zinazofuata mtindo huo huwa pana kupita kiasi. Fundi cherehani anaweza kuzipunguza, lakini malipo ya fundi lazima yaingie kwenye hesabu kabla ya kutaja bei, si baada.

Masweta mazito yenye kofia ni kisa kingine. Mashabiki wa Marekani huyanunua kwa sababu msimu wao unaishia katikati ya baridi kali. Kyela, kwa joto lake na unyevu wa ziwa, hayana soko. Lakini ukipanda barabara ya Uyole, si mbali kwa gari, uko Tukuyu, na ukizidi kidogo uko Isongole, ambako mtu huvaa koti asubuhi hata mwezi wa kiangazi. Mchuuzi wa Bondeni mwenye mwenzake huko juu anaweza kubadilishana: masweta yapande, mashati mepesi yashuke. Nauli ya mzigo ndiyo itakayoamua kama inalipa, na hesabu hiyo ifanywe kwa kilo, si kwa kukadiria kwa macho.

Biashara hii ilikaribia kufungwa. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mjini Arusha kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vya ndani vipumue. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Marekani ikatishia kuziondoa nchi husika kwenye mpango wa AGOA, uliokuwa unaruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilikataa kurudi nyuma, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo.

Nani alikuwa sahihi? Anayekumbuka viwanda kama Urafiki na Mwatex vilipokuwa vinanguruma, na bei ya pamba kijijini, ana jibu lake. Mama mwenye meza ya mitumba anayelipia ada ya shule kwa meza hiyo ana jibu jingine. Hawa wawili wanaweza kuwa ndugu wa nyumba moja.

<b>Senti mbili na nusu za parachichi</b>

Sasa mazao. Jioni ya fainali Wamarekani hukaa kundi kundi mbele ya luninga wakila. Baraza la Taifa la Kuku la huko lilikadiria mwaka 2025 kwamba mabawa ya kuku bilioni 1.47 yangeliwa mwishoni mwa juma hilo. Pembeni ya kuku huwekwa parachichi lililopondwa na kutiwa ndimu, vitunguu na pilipili, wanaloliita guacamole.

Desturi hiyo haikuota yenyewe. Marekani ilikuwa imefunga mlango kwa maparachichi ya Meksiko kuanzia 1914 kwa hofu ya wadudu, na mlango ulianza kufunguliwa 1997. Katika miaka hiyo ya 1990 ni bodi ya wakulima wa California iliyobuni mbinu ya kulifunganisha parachichi na Super Bowl, kwa kutangaza mapishi yake kwa jina la wachezaji. Februari si mwezi ambao Mmarekani angewaza tunda hilo. Alifundishwa.

Kilichofuata ndicho mkulima mdogo anapaswa kukitazama kwa karibu. Mwaka 2002 iliundwa bodi ya parachichi aina ya Hass, na kila ratili inayouzwa Marekani, iwe ya ndani au ya nje, ikawa inakatwa senti mbili na nusu. Sehemu kubwa ya makato ya maparachichi ya Meksiko inarudi kwenye chama cha waagizaji wake, kwa kazi moja tu ya kuyatangaza. Mwaka 2015 walinunua tangazo lao la kwanza ndani ya Super Bowl, wakati nusu dakika iliuzwa kama dola milioni 4.5.

Ukipiga hesabu, tangazo hilo ni makato ya ratili milioni 180, karibu tani 82,000. Hakuna mkulima mmoja wa Michoacán ambaye angethubutu. Ila ulaji wa parachichi kwa kila Mmarekani umepanda takriban mara nne tangu mwaka 2000, na katika majuma ya kuelekea fainali ya 2025 Meksiko ilikuwa inapeleka huko zaidi ya tani 100,000.

Soko la namna hiyo nalo lina kitanzi. Februari 2022, siku mbili kabla ya fainali, Marekani ilisimamisha ghafla ukaguzi wa maparachichi ya Michoacán baada ya mkaguzi wake kutishiwa maisha. Mzigo wa sherehe ulikuwa umeshavuka, na ukaguzi ulirejea baada ya wiki moja hivi. Laiti tishio lile lingekuja Januari.

Hapa kwetu parachichi la Hass ni zao la watu wa juu, Rungwe na Njombe, ambao mwaka 2022 walifunguliwa mlango wa China. Bondeni ni kakao, mpunga na michikichi. Lakini makato ni yale yale, na hakuna mkulima anayelipenda neno hilo.

Kakao ya Kyela huuzwa kupitia vyama vya msingi kwa stakabadhi ghalani na mnada. Mwishoni mwa Machi 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yaliharibiwa na magonjwa na hali ya hewa. Desemba mwaka huo ilipita 12,000. Kabla ya 2025 kuisha ilikuwa imeshuka kwa takriban nusu. Kyela haikuwa na mkono katika kupanda huko wala kushuka. Aliyeuza mbichi shambani, kwa mtindo wa njuti, hakupata hata nafasi ya kuuona mnada.

Swali ambalo wanachama wanaweza kuliweka mezani kwenye mkutano mkuu si kama kuna makato, bali kila shilingi ya makato imefanya kazi gani. Wakulima wa parachichi wanaweza kuinyooshea kidole luninga wakasema senti yetu ni ile pale. Kakao ya Kyela inachachushwa na kukaushwa na wakulima wengi wenye miti michache michache, mingi bila dawa za viwandani, na chokoleti huuzwa kwa wingi siku ya wapendanao, tarehe 14 Februari, siku chache tu baada ya fainali hiyo. Mlaji wa Ulaya au Marekani anayefungua kasha lake hajui jina la Kyela. Nani amjulishe, na kwa senti ngapi kwa kilo, ni jambo la kupigiwa kura.

Kwenye gulio, wakati huo, belo linafunguliwa. Jezi namba 94, aliyoivaa Kiwanuka, na jezi ya wale aliowafunga huweza kutundikwa kwenye kamba moja, kwa bei moja. Mteja haulizi nani alishinda. Anavuta mshono wa kwapa, anapima mabega, na anaanza kwa kutaja nusu ya bei.